Dobi Gustave na Majani Yanayoshika Tope

Gustave alikuwa mtu wa kinyaa. Sisi wa Manibe, nje kidogo ya mji wa Arua, tulimjua hivyo kabla hatujajua ametoka wapi. Akisalimiana na mtu aliyetoka kula, alitoa mkono kwa heshima, kisha akaupangusa kwa leso nyuma ya mgongo akidhani haonekani. Hakula chakula cha sokoni. Maziwa yenye utando juu yalimgeuza uso. Na mtu huyu, ambaye kamasi ya mtoto ilitosha kumharibia asubuhi nzima, riziki yake ilikuwa kushika uchafu wa watu wengine. Alikuwa dobi.

Mkewe, Odile, hakuchoka kumshangaa. "Mutu anachukia uchafu namna hii," alisema, "na kazi yake ni kufua suruali za watu."

"Ndiyo sababu nafua vizuri," Gustave alimjibu. "Asiyechukia uchafu hauoni."

Walikuwa wametoka ng'ambo ya mpaka, upande wa Aru huko Kongo, wakati wa vita vya miaka ya sitini. Gustave alijifunza kazi mjini Arua kwenye duka la Mhindi mmoja aliyefua na kupiga pasi nguo za maofisa na wafanyabiashara. Wahindi walipofukuzwa mwaka wa sabini na mbili, duka alipewa mtu ambaye hakujua tofauti ya wanga wa kola na unga wa ugali. Mabeseni ya kufulia yakawekwa petroli. Gustave alipoona beseni alilolisugua kwa miaka likinuka petroli, alichukua pasi yake ya makaa, akaaga na kuondoka.

Akahamia Manibe kwa sababu ya kijito. Wakati huo kilipita juu ya mwamba bapa, maji yake meupe hata kokoto zinahesabika. Ukingoni palikuwa na bustani ya magimbi ya mama mmoja mjane, Drateru, naye akamruhusu dobi aanike nguo kwenye ua wake bila masharti. Gustave akajipatia wateja upya. Ili nguo zisichanganyike, ndani ya kola ya kila shati alishona alama ndogo ya uzi, kila mteja na alama yake. Mwalimu mmoja alikuwa na mstari mwekundu. Adrabo, karani wa ushirika wa tumbaku, alikuwa na msalaba wa buluu wenye nukta nyekundu katikati. Adrabo alikuwa kijana mpole aliyependa mashati meupe, na mkewe, Alice, ndiye aliyeyaleta na kuyachukua, daima akiwa na neno zuri la kusema.

Kwa muda mfupi Gustave aliishi alivyotaka. Kisha watu wakaanza kuchimba udongo wa matofali juu ya kijito.

Wenye vyeo vipya walikuwa wanajenga. Kila aliyepata duka alitaka na nyumba, na nyumba ilitaka matofali, kwa hiyo kingo za juu zikachimbwa zikabaki mashimo mekundu yasiyo na jani. Mvua iliponyesha, udongo wote ule ukateremka. Juu zaidi walikuwepo wachinjaji waliotupa majini vinyesi vya matumbo ya ng'ombe. Vyote vilikuja pamoja, na vyote vilisimama kwenye kona pana karibu na mwamba wa Gustave, mahali maji yanapopunguza mwendo. Msimu mmoja tu ukatosha. Palipokuwa na maji meupe pakawa na uwanja wa tope jeusi, laini kama uji uliolala, na juu yake ngozi ya mafuta yenye rangi za upinde wa mvua. Jua likiwaka, tope lilitoa mapovu, na kila povu likipasuka lilitoa harufu ya yai viza. Nzi walikaa pale hata wakaonekana kama pilipili manga iliyomwagwa.

Gustave alisogea kushoto, akasogea kulia, akasogea chini. Kote maji yalikuwa rangi ya chai. Shati jeupe lilitoka majini likiwa na rangi ya meno ya mzee mvuta tumbaku. Alilisuuza mara ya pili likazidi. Siku moja alikuta kwenye mfuko wa shati alilokwisha kulifua kipande cha utumbo kidogo, cheupe, laini. Alikwenda nyuma ya magimbi ya Drateru akatapika.

"Dobi, wewe iko mgonjwa?" Drateru alimwuliza.

"Mimi si mgonjwa, mama. Kijito ndicho kigonjwa."

Drateru naye hakuwa na raha. Tope lilikuwa linapanda kwenye bustani yake, likifukia magimbi hata majani yakaoza. "Kila mvua nakula mstari moja," alisema. "Mwisho itakula na nyumba."

Wateja walianza kunung'unika. Odile alishauri wachote maji kisimani, lakini kisima kilikuwa mbali na foleni yake ilijaa ugomvi, na maji ya debe moja hayasuuzi shuka. Gustave alikonda. Alikuwa akikaa juu ya mwamba wake na kulitazama tope kwa chuki, kama mtu anayemtazama mwizi aliyehamia nyumba ya jirani.

Mwaka wa sabini na nne aliitwa Koboko. Mfanyabiashara wa huko, Asuman, alikuwa anamwoza binti yake, naye alitaka kanzu na vitambaa vya meza vifuliwe na kunyooshwa na mtu anayejua. Watu wake walimpa Gustave mahali pa kulala Midia, karibu na mpaka, kwa mama mtu mzima aliyeitwa Rosa Kiden, na wakamwambia kijito kiko nyuma ya nyumba.

Gustave aliposhuka na mabunda yake akasimama. Juu ya kijito kile pia watu walikuwa wamechimba. Kingo zilikuwa nyekundu na maji yaliyokuja yalikuwa mazito. Lakini pale kwenye kona, badala ya uwanja wa tope, palikuwa na majani. Si matete marefu wala mafunjo, bali majani mafupi, manene, ya kijani kibichi, yaliyosimama katika vinundu vinundu juu ya matope kama vichwa vya watu waliozama. Maji mekundu yaliingia katikati yao upande wa juu. Upande wa chini yakatoka meupe.

Aliingiza kidole, akakitazama, akanusa. Kisha akamwita Rosa Kiden.

"Mama, nani amesafisha haya maji?"

Rosa Kiden alicheka. "Hakuna mtu. Hii majani nakula matope."

Akapandisha nguo yake na kuingia. Alizama mpaka magotini, na tope likatoa sauti ambayo Gustave hakuipenda. Rosa aling'oa shina moja, akaja nalo likichuruzika, akalishika karibu sana na uso wa mgeni wake. Shina lilikuwa limetambaa, na kwenye kila kifundo lilikuwa limetoa mizizi myembamba kama nywele, na kila unywele umekumbatia udongo.

"Tazama. Maji nakuja na mbio. Ikifika kwa majani, inachoka. Ikichoka, inaacha mzigo chini. Majani inafunikwa. Basi inapanda juu ya ule mzigo, inatoa mizizi ingine. Mvua ingine inaleta mzigo ingine, majani inapanda tena." Alikionyesha kinundu kimoja. "Hii zamani ilikuwa shina moja tu. Sasa mimi naweza kusimama juu yake."

"Ulipanda wewe?"

"La kwanza lilikuja yenyewe, na maji. Lilishika. Mimi nilisaidia kidogo."

Gustave alikuwa anasikiliza, lakini macho yake yalikuwa kwenye miguu ya mama yule. Ruba wawili walikuwa wameshika nyuma ya goti, wamevimba, wanang'aa. Rosa aliwang'oa kwa kucha bila kuyakatiza maneno yake, akawatupa, damu ikateremka kwenye shavu la mguu. Gustave alirudi hatua mbili nyuma. Hata hivyo, harusi ilipokwisha, alimwomba Rosa gunia la mashina, akalilowesha maji na kulipakia kwenye lori la kurudi Arua. Njia nzima gunia lilinuka na abiria walijisogeza mbali naye, naye hakuwalaumu, kwa maana alikubaliana nao.

Kupanda ndiko kulikokuwa na kazi. Odile alisimama ukingoni kumtazama mumewe akivua suruali, akifunga kitambaa puani, akisimama, akirudi nyuma, akisimama tena.

"Niite mtu akusaidie?" aliuliza.

"Mtu gani ataingia humu?"

Akaingia. Alitueleza baadaye kwamba baridi haikuwa tatizo. Tatizo lilikuwa kwamba tope lilikuwa na joto. Lilimpokea kama kinywa. Chini, nyayo zake zilikanyaga vitu asivyoviona, vingine vigumu, vingine vikiteleza na kupasuka. Alipanda shina moja hapa na jingine kule, mbali mbali, ili yaenee uwanja wote upesi. Alitoka, akajisugua kwa majani ya mpapai mpaka ngozi ikawasha, na hakula siku hiyo.

Mvua ya kwanza iliyachukua karibu yote. Gustave alikuta mashina yake yameng'olewa na kulazwa juu ya magimbi ya Drateru kama vifaranga waliokufa. Alikaa chini akataka kulia. Ni Drateru aliyegundua kwamba mashina machache yamesalia mahali pamoja, pale Gustave alipochoka na kuyachomeka yaliyobaki kwa pamoja ili atoke haraka.

"Haya ilisimama kwa sababu iko karibu karibu," Drateru alisema. "Moja peke yake, maji nang'oa. Ikiwa pamoja, ya mbele inavunja maji kwa ajili ya ya nyuma."

Kwa hiyo wakapanda tena, na safari hii Drateru aliingia naye, kwa ajili ya magimbi yake. Walipanda mashina yakigusana, kikundi hapa, kikundi pale, kuanzia ukingoni palipo imara wakielekea katikati. Gustave hakuzoea. Kila alipoingia alitukana kwa Kilingala, lugha aliyoihifadhi kwa ajili hiyo. Drateru alimcheka waziwazi.

Majani yakashika. Mvua zilipokuja, kila kikundi kiliukamata udongo miguuni pake na kujijengea kinundu. Vinundu vikanenepa, vikakaribiana, vikaungana. Maji yaliyokuwa yametapanyika juu ya uwanja wote yakasukumwa kwenye mfereji mmoja katikati, na kwa kuwa mfereji ulikuwa mwembamba, yalipita kwa nguvu na kuusafisha wenyewe. Mapovu yakapungua. Harufu ikabaki asubuhi tu, kisha ikawa siku za jua kali tu, kisha watu wakaanza kusahau. Juu ya vinundu vya zamani, vilivyoinuka na kukauka, yakaja majani mengine ambayo hayakupandwa na mtu, na mimea yenye maua madogo ya njano. Na chini, penye mwamba, maji yakatoka meupe.

Gustave alifua shuka la kwanza, akalianika, akasimama mbali kulitazama. Odile anasema alikaa hapo hata likakauka.

Hiyo ilikuwa mwaka wa sabini na sita, na ingekuwa vyema kama maisha yake yangekwenda hivyo. Sabuni iliadimika, lakini alijua kufua kwa maji ya majivu. Wateja walirudi. Pamoja nao akaja mteja mpya, ofisa mmoja wa jeshi aliyeitwa Hamuza, ambaye hakuja mwenyewe. Nguo zake zililetwa na askari kwenye gari, mabunda makubwa kuliko ya mtu mmoja.

Mwanzoni zilikuwa sare, shuka, fulana. Baadaye Gustave alianza kukuta madoa. Dobi anayajua madoa kama daktari anavyojua vidonda. Alijua kwamba damu haifuliwi kwa maji ya moto, kwa sababu moto huipika ikaganda kwenye nyuzi. Inataka maji baridi, chumvi, na subira. Chumvi haikupatikana. Alizisugua sare zile kwa majivu kwenye maji yake meupe, na maji yakawa mekundu, yakapita. Hakuuliza. Hakuna aliyeuliza. Usiku hakupata usingizi, akawa anainuka kunawa mikono, na Odile alimsikia.

"Wakatae," Odile alisema asubuhi moja.

"Nawakataaje?"

Odile akamimina chai. Akampa, naye Gustave akaisukuma kando.

Kisha mabunda yakaanza kuwa na nguo ambazo si za Hamuza. Suruali ya mtu mnene, ilhali sare za Hamuza zilikuwa za mtu mwembamba. Blauzi ya mwanamke, imepasuka begani. Koti la mzee. Zote zilikuwa na madoa yaleyale. Askari aliyezileta, kijana mwenye usingizi machoni, alisema tu, "Afande anasema fua vizuri. Anapatia watu wake." Gustave akaelewa. Nguo zilikuwa zimekuwa adimu madukani, na Hamuza hakuona sababu ya kupoteza nguo nzuri kwa kuwa tu mwenye nguo hazihitaji tena.

Alitueleza jambo hili miaka baadaye, na hata wakati huo midomo yake ilipinda. "Tope lile la mwanzo," alisema, "lenye matumbo ya ng'ombe, lilikuwa safi. Naapa kwa Mungu, lilikuwa safi."

Mwaka wa sabini na saba, katika bunda moja, alifungua shati jeupe la kitambaa cha tetroni. Lilikuwa na tundu dogo chini ya mfuko na upande mmoja wote umekauka kama gamba. Aligeuza kola kwa mazoea ya mkono tu. Ndani palikuwa na msalaba wa buluu wenye nukta nyekundu.

Adrabo alikuwa amepotea wiki kadhaa zilizopita. Watu walisema amevuka kwenda Kongo. Wengine walisema amepata kazi Kampala. Alice alikuwa amekwenda kila ofisi ya mjini, amesimama kwenye kila ukumbi, na kila mahali aliambiwa arudi kesho.

Gustave alikaa na shati lile juu ya magoti. Aliyafikiria mambo mawili. Alifikiri alifue, alinyooshe, alirudishe, aendelee kuishi. Na alifikiri kwamba Hamuza angelivaa. Angelivaa kwenye sherehe, mbele ya watu, likiwa limenyooshwa na pasi yake Gustave, na mtu angemsifu kwa shati jeupe. Wazo hili la pili ndilo lililomshinda. Alilikunja shati bila kulifua, akaliweka chini kabisa ya kikapu cha magimbi aliyopewa na Drateru, akaenda nalo kwa Alice.

Alice alikuwa anachambua mchele. Alipomwona alisimama.

"Mzee Gustave, karibu. Leo hakuna nguo za kufua."

"Najua, mwanangu. Kaa kwanza."

Alilitoa shati chini ya magimbi. Aligeuza kola akamwonyesha alama. Alice aliitazama. Kisha akaweka kidole chake kwenye tundu, taratibu, kama mtu anayepima joto la maji ya mtoto.

"Ulilipata wapi?"

"Usiniulize. Lakini usiende tena kwenye ofisi zao. Usisimame tena mbele ya milango yao."

"Hakuvuka," Alice alisema.

"Hakuvuka."

Hakulia mbele yake. Alimwambia asante, naye Gustave alipotoka alisikia mlango ukifungwa kwa ndani. Watu wa ukoo wa Adrabo walilizika shati lile nyumbani kwao, karibu na Kuluva, bila ngoma na bila kutangaza, wakasema ni shughuli ya bibi mmoja aliyekufa zamani. Gustave alikwenda, akasimama nyuma ya wote.

Bunda la Hamuza liliporudi bila shati, Hamuza alikuja mwenyewe. Gari lake lilisimama juu ya ukingo, akateremka akiwa amevaa miwani na viatu vilivyong'aa.

"Dobi, shati yangu nyeupe iko wapi?"

"Maji yalichukua, afande."

"Maji ilipeleka wapi?"

Gustave alikuwa amejiandaa kwa swali la kwanza tu. Akaonyesha kwa mkono upande wa majani, maana hakukuwa na upande mwingine. "Huko, afande. Labda limekwama huko."

"Maji inapanda mlima siku hizi? Wewe nafua hapa chini, shati inakwama huko juu?" Hamuza hakukasirika. Alionekana kama mtu anayechoshwa. "Mimi napenda ile shati. Tetroni kama ile hakuna dukani. Tafuta."

Hakujua shati lilikuwa la nani. Gustave aliliona jambo hili wazi usoni pake: hakuwa anaficha kitu, hakuwa anaogopa kitu. Alitaka shati tu.

Akamtuma Gustave matopeni na askari wawili nyuma yake. Alitafuta kisichokuwepo, akichovya mikono mpaka kwenye mabega kati ya mizizi, huku Hamuza akila ndizi kivulini na kutupa maganda majini. Jua lilipopinda Hamuza alisema majani ndiyo yanayoficha, basi yaondolewe. Askari walileta mapanga na majembe. Walikata, wakang'oa, wakakanyaga vinundu hata vikarudi kuwa uji, na palipokauka wakatia petroli na kuchoma. Drateru alitoka kwenye magimbi yake akasema, "Baba, hii majani inashika udongo ya bustani yangu," na askari mmoja akamsukuma akaanguka kitako.

Shati halikuonekana. Hamuza alimwita Gustave karibu.

"Fungua mdomo."

Askari yule mwenye usingizi machoni alichota tope kwa kiganja, akasita kidogo, kisha akalitia. Hamuza akamwambia Gustave afunge mdomo na asiteme mpaka gari liondoke. Gari halikuondoka upesi. Nzi walimkaa midomoni. Sisi wengine tulikuwa tumesimama kwenye njia, na hakuna hata mmoja wetu aliyesogea. Gari lilipoondoka, Drateru ndiye aliyemletea kata ya maji.

Bunda jingine halikuja tena. Hamuza alipata dobi mwingine mjini.

Mvua zilizofuata zilifanya kazi yake. Hakukuwa na kitu cha kuchosha maji, kwa hiyo yalikuja na mbio zake zote, yakaufumua udongo wote ambao majani yalikuwa yameukusanya kwa miaka, yakaumwaga juu ya mwamba na juu ya bustani. Drateru alipoteza magimbi yote ya upande wa chini. Harufu ya yai viza ikarudi, safari hii na mizizi iliyooza ndani yake. Gustave hakuirudia kazi. Watu walidhani ni kwa ajili ya maji. Yeye alisema hata angepewa chemchemi hawezi tena kutia mkono kwenye nguo ya mtu asiyemjua. Kila kola aliyoishika alitaka kuigeuza. Odile akawa anapika mandazi na kuuza, naye akampasulia kuni.

Majani hayakufa yote. Mapanga hukata juu, na moto huchoma juu. Chini ya tope vifundo vilibaki, na vilivyoletwa na maji kutoka juu vikashika tena ukingoni. Drateru alivikusanya akavipanda karibu karibu, peke yake, na hakumwomba dobi amsaidie. Mwanzoni mwa mwaka wa sabini na tisa vinundu vilikuwa vimeanza kuinuka.

Katikati ya mwaka huo jeshi la akina Hamuza lilishindwa vitani, na askari wakapita Arua wakikimbilia Koboko na mipakani. Wengi hawakutaka kukutwa na sare. Walizivua popote palipo na kichaka au maji. Siku mbili tatu kijito kilileta mashati ya kijani, suruali, soksi, kofia, na vyote vilipofika kwenye kona vilinaswa na majani ya Drateru. Vilijaa pale vikivimba na kupumua hewa, vikinuka jasho na hofu ya watu. Nzi wakarudi.

Wengine wetu tulikwenda kwa Gustave. Wakati huo mtu alivaa gunia akiwa na bahati, na pale palikuwa na nguo nzima nzima zinaoza. Msemaji wetu alikuwa fundi cherehani mmoja, Basile, Mkongo mwenzake.

"Kaka Gustave, zile nguo wewe unaweza kuzitakasa. Mimi nitakata, nitashona suruali za watoto. Mutu hatajua zilikuwa sare."

Gustave alikwenda naye mpaka ukingoni. Alizitazama. Shati moja lilikuwa limefungua mikono juu ya maji, na tope laini lilikuwa limeanza kutua kwenye mikunjo yake.

"Zitajulikana," alisema. "Mtoto ataivaa na itajulikana."

"Na nani?"

"Na mimi."

Basile akamsihi, akamkumbusha kwamba watoto wako uchi. Gustave hakubishana naye. Alimwambia kama anataka ang'oe mwenyewe, afue mwenyewe, hakuna atakayemzuia. Basile aliutazama uwanja ule, akatia mguu mmoja, tope likamfika kwenye shavu la mguu na kutoa sauti yake. Akautoa mguu, akaupangusa kwenye nyasi, akaenda zake.

Drateru alikuwa bustanini, ameinama. Aliuliza kama azivute nguo zile kwa mti mrefu azichome.

"Ziache, mama," Gustave alisema. "Usiziguse. Mvua ikija majani yatazifunika."

Mvua ilikuja. Kila iliponyesha maji yalileta udongo mwekundu wa juu, yakachoka pale penye majani, yakautua. Kijani cha sare kikawa kahawia, kikawa umbo tu, kisha kikawa sehemu ya kinundu, na juu yake majani yakatambaa na kutoa mizizi. Kufikia mwisho wa mwaka Drateru alikuwa amepanda mistari miwili ya magimbi mahali pale, na yakakua makubwa kuliko yote aliyowahi kulima. Alimpelekea Odile kikapu. Odile aliyapika, wageni wakayala na kuyasifu. Gustave alikaa nao mezani, akawakaribisha vizuri, akala mandazi makavu.